Kuisoma China kwa miguu: mwongozo wa siku tatu katika mji wa kale wa Quanzhou

Wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanaokwenda China hushukia Guangzhou, hununua mzigo, hupiga picha mbili tatu na kurejea nyumbani wakiwa wameiona China ya maghala na maduka ya jumla tu. Anayebakiwa na siku chache za kutalii kwa kawaida huelekezwa Beijing au Shanghai, miji mikubwa ambayo siku tatu haziitoshi hata kidogo. Maoni yangu ni tofauti. Kwa mtu aliyekulia karibu na Bahari ya Hindi, au aliyesoma habari za Kilwa na Malindi shuleni, mji wa kuanzia ni Quanzhou, katika mkoa wa Fujian, kusini-mashariki mwa China, kwa sababu huko haingii kama mgeni kabisa: mawe ya mji huo yanazungumzia bahari anayoijua.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, alifika Quanzhou katika miaka ya 1340 na kuihesabu bandari yake miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Waarabu na Waajemi waliuita mji huo Zaytun. Mswahili akilisikia jina hilo hufikiria zaituni mara moja, lakini Ibn Battuta mwenyewe alieleza kwamba mizaituni haikuwepo. Jina linatokana na citong, mti wa maua mekundu uliokuwa umepandwa kuuzunguka mji. Zaidi ya karne moja kabla yake, mwaka 1225, msimamizi wa biashara ya baharini wa Quanzhou aitwaye Zhao Rugua aliandika habari za nchi aliyoiita Cengba, ambayo wataalamu huihusisha na pwani ya Zenj, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, na akataja bidhaa zake: pembe za ndovu, dhahabu, ambari na msandali. Zhao hakuwahi kuiona nchi hiyo. Alikaa ofisini akawasikiliza mabaharia, naye akaandika.

Hatua ya kwanza: panga tarehe chache kichwani kabla ya kufunga sanduku

Matembezi ya kihistoria bila tarehe hugeuka kuwa matembezi ya kuangalia mapaa. Huhitaji kukariri enzi zote za China. Kwa Quanzhou zinatosha tarehe nne. Mwaka 1087, katika enzi ya Song, serikali ilifungua hapa ofisi ya kusimamia biashara ya baharini, na kuanzia hapo merikebu za kigeni ziliweza kushusha na kupakia shehena kisheria. Katika miaka ya 1276 na 1277, Wamongolia walipokuwa wakiimaliza enzi ya Song, Pu Shougeng, tajiri wa asili ya Kiarabu aliyekuwa na madaraka makubwa bandarini, alijiunga nao, na mji ukasalimika na kuendelea kutajirika chini ya enzi ya Yuan. Kati ya 1357 na 1366 kulizuka uasi wa askari wenye asili ya Kiajemi, ambao mwisho wake ulikuwa umwagaji damu na kukimbia kwa wageni wengi. Kisha enzi ya Ming ikabana biashara ya watu binafsi baharini, na umaarufu wa bandari ukafifia. Tarehe ya karibu zaidi ni 2021, UNESCO ilipoingiza maeneo 22 ya Quanzhou katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwongozo huu haukusudii kukupitisha katika yote 22, kwani mengine ni matanuri ya kauri na ya kuyeyushia chuma yaliyo mbali milimani.

Hatua ya pili: viza, msimu na treni

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda au Kongo anahitaji viza kabla ya kusafiri. Utaratibu wa kupita China kwa siku chache bila viza umewekwa kwa nchi maalumu, na nchi zetu hazimo. Ukiomba viza, iandike Quanzhou katika ratiba yako kwa jina, pamoja na hoteli, badala ya kutaja Guangzhou peke yake.

Kuhusu msimu, chagua kati ya mwishoni mwa Oktoba na Desemba, au Machi na Aprili. Kuanzia Julai hadi Septemba joto na unyevu ni wa Dar es Salaam ya Februari, na juu ya hayo kuna tufani za baharini zinazoweza kusimamisha treni siku nzima. Epuka wiki ya kwanza ya Oktoba, ambayo ni likizo ya taifa, kwani katika barabara za mji wa kale utasukumwa na umati badala ya kutembea. Kinyume chake, ukiweza kuvumilia msongamano kwa makusudi, usiku wa kumi na tano wa mwezi wa kwanza wa kalenda ya Kichina mji huu huwashwa taa za karatasi na hariri kwa namna isiyosahaulika.

Treni ya mwendokasi kutoka Xiamen huchukua chini ya saa moja, na kutoka Guangzhou pia unaweza kufika kwa reli ndani ya siku moja. Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla ya safari, hukatwa kwa jina na namba ya pasipoti, na pasipoti hiyo hiyo ndiyo tiketi yako. Usihangaike na mageti ya kujihudumia; nenda kwenye geti lenye mhudumu na umwoneshe pasipoti. Hapa kuna mitego miwili. Kwanza, Quanzhou na Guangzhou hufanana katika sikio la mgeni na hata katika herufi za Kilatini, kwa hiyo hakikisha kwenye tiketi yameandikwa maandishi 泉州 na siyo 广州. Pili, kuna stesheni ya Quanzhou yenyewe, ya Mashariki na ya Kusini, na hizi mbili za mwisho ni za njia mpya ya reli iliyofunguliwa mwaka 2023. Kabla ya kulipia, angalia kwenye ramani ni ipi iliyo karibu na hoteli yako.

Hatua ya tatu: simu, malipo na malazi

Katika mji huu hata muuza chungwa wa pembeni mwa barabara hupokea malipo kwa simu. Ukiwa bado nyumbani, sakinisha Alipay au WeChat, thibitisha pasipoti yako na uunganishe kadi ya benki ya Visa au Mastercard. Ukisubiri hadi ufike, ujumbe wa uthibitisho wa benki huenda usiingie kwenye laini yako. Beba noti chache za yuan kwa ajili ya dharura. Intaneti ya hoteli haitafungua WhatsApp wala Google, ilhali laini ya nyumbani iliyowashiwa huduma ya nje ya nchi kwa kawaida huzifungua, kwa hiyo waeleze jamaa zako mapema jinsi mtakavyowasiliana. Kwa ramani tumia Amap, kwani ramani za Google kwa China si za kutegemea.

Tafuta malazi karibu na Barabara ya Magharibi, iitwayo Xi Jie, ili kila kitu cha siku mbili za kwanza kiwe ndani ya mwendo wa miguu. Kabla ya kulipa, uliza kama wanapokea wageni wenye pasipoti za nje, kwa maana nyumba ndogo za wageni nyingine hazijazoea kuwasajili. Niliwahi kusimama mapokezini saa nne usiku nikielezwa kwa ishara kwamba mfumo wao hausomi pasipoti yangu, na nikalazimika kutafuta kwingine huku nikiburuta sanduku. Ukilala kwa rafiki badala ya hotelini, sheria inakutaka ujiandikishe kituo cha polisi ndani ya saa 24.

Siku ya kwanza: Hekalu la Kaiyuan na Barabara ya Magharibi

Fika kwenye hekalu asubuhi mapema, kabla ya vikundi vya watalii wenye vipaza sauti. Hekalu hili la Kibudha lilianzishwa mwaka 686, na simulizi lake linasema kwamba tajiri mmoja, mwenye shamba la miforosadi ya kufugia nondo wa hariri, aliahidi kulitoa endapo miti yake ingechanua mayungiyungi meupe, ikachanua. Mforosadi mzee ungali uani, umepasuka vipande vitatu na kuegemezwa kwa nguzo.

Minara miwili ya mawe iliyo kila upande ilijengwa kati ya 1228 na 1250 kuchukua nafasi ya minara ya awali. Ule wa mashariki una kimo cha zaidi ya mita 48, na umesimama licha ya mitetemeko ya ardhi. Usitosheke na kuipiga picha kutoka mbali. Izunguke taratibu ukitazama watakatifu na walinzi waliochongwa katika kila ghorofa, na kwenye mnara wa magharibi, ghorofa ya nne, mtafute nyani aliyeshika upanga. Wapo wanaoona ndani yake sura ya Hanuman wa Wahindu, wengine wanamwona babu wa mfalme wa nyani wa hadithi za Kichina.

Kitu ambacho wageni wengi hukipita bila kukiona kiko nyuma ya ukumbi mkuu. Zunguka hadi uani kwa nyuma, na utakuta nguzo mbili za jiwe la kijani zenye pande 16, tofauti kabisa na nguzo nyingine. Zisogelee: ndani ya vijiduara vilivyochongwa utaona miungu ya Kihindu, Krishna miongoni mwao, na chini kidogo ya jukwaa la mbele la ukumbi kuna safu ya viumbe vyenye kichwa cha mtu na mwili wa simba. Vyote vilitoka kwenye hekalu la Kihindu la wafanyabiashara waliotoka kusini mwa India, lililobomoka. Mafundi wa enzi ya Ming walipokuwa wakikarabati ukumbi waliyatumia mawe hayo kama wajenzi wa kwetu wanavyotumia matofali ya nyumba ya zamani. Ndani, juu ya nguzo, tazama dari: viumbe 24 wenye mabawa, nusu ndege nusu wanawake, wamebeba mihimili kwa vichwa vyao na kushika matunda na ala za muziki.

Kwenye upande wa mashariki wa uwanja huo huo kuna jumba dogo lenye mabaki ya jahazi la enzi ya Song lililofukuliwa mwaka 1974 katika ghuba ya Quanzhou. Yeyote aliyewahi kuona wajenzi wa majahazi wakifanya kazi Lamu au Nungwi atakaa hapa saa nzima. Kilichobaki kina urefu wa mita 24 hivi. Chini umelazwa mkuku, na juu yake vyumba 13 vya shehena vilivyotengwa kwa viambaza vya mbao, ili maji yakiingia chumba kimoja yasizamishe chombo kizima. Katika maungio ya mkuku mafundi walikuwa wamefukia sarafu na kioo cha shaba kwa ajili ya kuomba salama. Shehena yenyewe ilikuwa magogo ya kunukia, zaidi ya tani mbili, pamoja na pilipili manga, ubani, ambari na simbi, na sarafu ya mwisho iliyokutwa ndani yake ni ya mwaka 1271 au karibu na hapo.

Ukitoka, fuata Barabara ya Magharibi kuelekea mashariki hadi kwenye mnara mweupe wa saa wa mwaka 1934. Ingia katika vichochoro vya pembeni, ambako nyumba za matofali mekundu zenye mapaa yaliyopinda kama mkia wa mbayuwayu bado zinakaliwa na watu. Jihadhari na pikipiki za umeme. Hazina mlio, na madereva wake huziona njia za miguu kuwa mali yao.

Kuhusu chakula, kifungua kinywa cha mji ni mianxianhu, uji mzito wa tambi nyembamba kama nywele. Mpishi hukutilia upawa wa uji katika bakuli, nawe unaonesha kwa kidole unachotaka kiongezwe: chaza, kamba, yai, utumbo au damu ya nguruwe iliyogandishwa. Mwislamu asidanganyike na chaza, kwani mchuzi wenyewe mara nyingi umepikwa kwa mifupa ya nguruwe. Tafuta maandishi 清真, yanayomaanisha chakula halali. Utayakuta hasa kwenye migahawa ya tambi za nyama ya ng'ombe inayoendeshwa na Waislamu kutoka kaskazini-magharibi mwa China.

Siku ya pili: Barabara ya Tumen, kutoka msikiti hadi lango la kusini

Siku hii ndiyo kiini cha safari, na kwa bahati nzuri ni fupi kwa umbali. Msikiti wa Qingjing upo kando ya barabara yenye magari mengi. Lango lake la jiwe la kijani lina matao yaliyochongoka yanayofuatana, na mtu wa pwani akilitazama huhisi kwamba amewahi kuliona mahali. Ukishapita chini ya matao, geuka utazame ukuta wa ndani. Kuna mistari ya Kiarabu iliyochongwa, na aliyesoma chuoni utotoni anaweza kuifuata herufi kwa herufi: jiwe linautaja Msikiti wa As-hab, uliojengwa mwaka 400 wa Hijria, sawa na 1009 au 1010, kisha linaeleza ukarabati wa mwaka 710 uliofanywa na mtu mwenye asili ya Shiraz. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, na wazee wa pwani yetu nao walijinasibu na Shiraz. Sidai kwamba ni watu wa ukoo mmoja. Nasema tu kwamba mtu aliyeyaona maandishi yote mawili hatazisoma tena karne hizo kama habari za nchi mbili zisizojuana.

Ukumbi wa kale wa sala hauna paa. Zimebaki kuta nene, madirisha upande wa barabara, vitako vya nguzo katika majani, na mihrabu. Hapa simama na uulize mwili wako: sisi tumezoea kuiita kaskazini kibla, na mihrabu hii inatazama magharibi. Uani kuna pia jiwe lenye amri ya mfalme Yongle ya mwaka 1407 ya kuwalinda Waislamu, na pembeni upo ukumbi mpya wa sala uliojengwa kwa msaada wa Omani.

Hatua chache tu kuelekea mashariki kuna Hekalu la Guandi, jemadari aliyefanywa mungu, na mpito kutoka ukimya wa msikiti hadi moshi wa hapa ni wa ghafla. Simama pembeni usiwazuie waumini. Utawaona wakiangusha sakafuni vipande viwili vya mbao nyekundu vyenye umbo la mwezi mwandamo: kimoja kikilala kifudifudi na kingine chali, jibu ni ndiyo, vikilala namna moja, swali linarudiwa au linaachwa. Usipige picha uso wa mtu anayeomba.

Kisha rudi magharibi hadi Hekalu la Confucius, pumzika kwenye uwanja wake, na ugeuke kusini kufuata Barabara ya Zhongshan, ambayo maduka yake ya miaka ya 1920 yana baraza zilizofunikwa zinazokukinga jua na mvua kwa mwendo mrefu. Mwisho wake ni magofu ya Lango la Deji, na mkabala wake Hekalu la Tianhou, lililoanzishwa mwaka 1196 kwa ajili ya Mazu, mlinzi wa mabaharia. Ukipata bahati ya jioni yenye muziki wa nanyin, kaa. Ni muziki wa polepole, nao umo katika orodha ya UNESCO tangu 2009. Kwa dakika kumi za kwanza utakuchosha, kisha sikio hulegea.

Siku ya tatu: makumbusho, makaburi na daraja

Ikiwa siku hii itaangukia Jumatatu, badilisha mpangilio, kwani makumbusho mengi ya China hufungwa siku hiyo. Mimi nilijifunza hilo mbele ya mlango uliofungwa. Katika Makumbusho ya Bahari nenda moja kwa moja kwenye chumba cha mawe ya makaburi. Utaona majina ya Waislamu kwa Kiarabu, misalaba ya Wakristo ikichipuka juu ya ua la yungiyungi, na maandishi ya Kitamil, yote yamefukuliwa katika mji mmoja. Si mbali sana, kwenye kilima cha Lingshan, yapo makaburi mawili ambayo mapokeo yanasema ni ya masahaba waliofika China mapema, na kando yake jiwe la mwaka 1417 linaloeleza kwamba Zheng He, amiri wa misafara ya baharini ya enzi ya Ming, alifika hapo kufukiza ubani kabla ya kusafiri kwenda Hormuz. Miaka miwili kabla ya hapo, wajumbe wa Malindi walikuwa wamempelekea mfalme twiga.

Alasiri iwe ya Daraja la Luoyang, kaskazini-mashariki mwa mji, ambalo halihusiani na mji wa Luoyang ulio mbali sana katika mkoa wa Henan. Ukimtajia dereva jina tu bila kumwonesha ramani, atakuelewa vyema, lakini programu ya tiketi inaweza kukupeleka kwingine kabisa. Lilijengwa kati ya 1053 na 1059 chini ya usimamizi wa Cai Xiang, mahali ambapo mto unakutana na bahari na mkondo una nguvu. Mafundi walimwaga mawe kitandani mwa mto, wakajenga juu yake nguzo zenye ncha kama omo la mashua, kisha wakapandikiza chaza ili magamba yake yayagandishe mawe pamoja. Ndiyo maana angalia jedwali la maji na ufike yanapokupwa. Shuka kwenye ngazi za pembeni, inama, na utaona magamba ya kijivu yenye kingo kali yamejaza kila ufa kati ya jiwe na jiwe. Usiyashike kwa mikono mitupu, na uvae viatu vyenye soli ngumu, kwa maana tope linateleza.

Aliyebakiwa na siku ya nne aende Mlima Jiuri, magharibi mwa mji, ambako maofisa wa biashara walipanda kuomba upepo na kuchonga majina yao mwambani. Kumbukumbu hizo za maombi ni za kati ya 1174 na 1266. Upepo waliouomba wakati wa baridi ili kuzitoa merikebu bandarini ni wa kaskazini-mashariki, ule ule ambao sisi tunauita kaskazi. Michongo inasomeka vizuri zaidi asubuhi, jua likiwa bado la chini na kivuli kikiingia ndani ya herufi.